Somo la 9: Barabara Ipitayo Kijijini Kwetu

Ndugu mwanakisomo, kama kijiji chako kiko kando ya barabara kuu, husikia basi kabla ya kuliona. Kwanza husikia honi. Dereva hapunguzi mwendo. Anapiga honi tu, watu wakimbie.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema kwamba gari lisizidi kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu. Ndiyo maana ya kile kibao chenye namba 50. Tufanye hesabu yake.

Gari la kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, yapata sekunde moja hupita kabla breki hazijashika. Kisha gari huenda mita nyingine 14 hivi ndipo lisimame. Jumla ni mita 28. Gari la kilometa 80 kwa saa huhitaji mita 57 hivi. Hapo tunasema gari dogo, breki nzima, barabara kavu. Lori lililojaa mahindi huhitaji zaidi. Tokeni nje mkapime uwanjani. Hatua moja ndefu ni karibu mita moja. Mtu mmoja awe mtoto, mwingine ahesabu hatua 28, kisha 57. Mtaona tofauti yake kwa macho.

Katika kijiji kimoja nilikofundisha, mtoto wa darasa la pili aligongwa akitoka shuleni. Alifariki njiani kupelekwa hospitali. Siku ile watu walipanga magogo na mawe barabarani. Polisi walikuja, wakubwa walikuja, ahadi zikatolewa, magogo yakaondolewa. Miezi ikapita. Hakuna tuta lililojengwa. Vijana wakajenga tuta lao la udongo usiku. Wiki ile ile mwendesha pikipiki, mtu wa kijiji hicho hicho, hakuliona gizani. Akaanguka, akavunjika mkono. Siwalaumu vijana. Siku ya magogo, mimi pia nilibeba jiwe.

Tulikuwa tumeandika barua pia. Ilisema: "Barabara yetu ni ya hatari, tunaomba msaada." Haikujibiwa. Mama mmoja wa darasa letu, aliyejifunza kuandika namba mwaka ule ule, akasema: "Mwalimu, barua hii haisemi ni wapi. Barabara ni ndefu."

Basi tukagawana zamu. Kwa siku tatu, asubuhi, mchana na jioni, wanakisomo walikaa chini ya miti kando ya barabara. Kila mtu akivuka, walichora mstari mmoja katika daftari. Watoto walikuwa na ukurasa wao, wazee wao. Tulipojumlisha tulishangaa. Sote tulitaka tuta mbele ya maduka. Lakini watoto wengi walivuka mbali na maduka, penye kona, kwenye njia ya mkato iendayo shuleni. Laiti tuta lingejengwa tulipotaka, lisingewasaidia.

Hesabu hiyo tuliisoma katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na hufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Ukipitisha jambo, huandikwa katika muhtasari. Diwani naye alipewa nakala. Barua ya pili ilikuwa hivi:

Kijiji cha ..............
Tarehe ..............
Kwa Meneja wa Wakala wa Barabara, Mkoa wa ..............
Kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji

YAH: KUOMBA MATUTA NA KIVUKO

Mahali: penye kona, hatua ...... kutoka darajani.
Watoto waliovuka saa 1 hadi saa 2 asubuhi: ......
Magari yaliyopita saa hiyo: ......
Watu waliogongwa hapo tangu mwaka ......: ......
Ombi hili limepitishwa na mkutano mkuu wa kijiji tarehe ......

Mhandisi alikuja na barua ile mkononi. Alipima, akauliza maswali, akaondoka. Matuta na kivuko vilijengwa baada ya masika.

Angalia vema unamwandikia nani. Barabara kuu na barabara za mkoa ni kazi ya TANROADS. Barabara za wilaya na za vijijini ni kazi ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua ikienda mlango usio wake, hulala mezani.

Mjini pia watu huanza kwa kutazama. Huko Dar es Salaam shirika la Amend lilichunguza njia za watoto kwenda shule. Kisha kulingana na shule, walijenga matuta, njia za miguu na vivuko, au wakahamisha geti la shule mbali na magari. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019.

Sasa tuseme juu ya basi lenyewe. Nani huachwa kituoni? Bibi asiyeweza kupanda ngazi ndefu. Mtu mwenye kiti cha magurudumu, ambaye kondakta humwambia alipe nauli mbili au abaki. Katika mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, sakafu ya kituo imeinuliwa ilingane na sakafu ya basi. Kiti cha magurudumu huingia bila kubebwa. Sisi vijijini hatuna vituo hivyo. Lakini tunaweza kuomba kituo kiwe pembeni ya barabara, udongo wake ushindiliwe, na basi lisimame hapo hapo. Msijenge wenyewe bila idhini, kwa kuwa ardhi ya kando ni hifadhi ya barabara.

Kondakta akimkataa abiria, andika namba ya gari, tarehe, saa na njia. Ukikosa karatasi, andika mkononi. Malalamiko ya nauli na mabasi hupelekwa LATRA, iliyoanzishwa mwaka 2019. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Itajeni katika barua.

Maswali
1. Kwa nini barua ya kwanza haikusaidia?
2. Hesabu ya wanakisomo iligundua nini?
3. Barabara ya kijiji chenu iko chini ya nani?

Kazi ya darasa
Gawaneni zamu. Hesabuni wanaovuka kwa siku tatu. Jazeni barua iliyo juu kwa namba zenu.