Somo la Ufundi: Kufunga Vioo vya Mlangoni katika Land Rover Kuukuu

Wako wenye Land Rover za zamani ambao huitunza injini vizuri sana, wakabadili mafuta kwa wakati na kupaka springi grisi, lakini kioo cha mlangoni wamekifunga kwa waya. Wengine hawana kioo kabisa, nao husema, "Nitatoa kichwa dirishani nitazame." Neno hili si jema. Pale Olympic, katika Kibera, barabara ni moja kwa wote: matatu, pikipiki za abiria, mikokoteni, akina mama wenye mizigo na watoto wa shule. Dereva anayegeuza gari mahali kama hapo bila kioo ni sawa na mtu anayerudi kinyumenyume sokoni naye amefumba macho. Tena Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, yataka gari liwe na kioo cha kumwonyesha dereva mambo ya nyuma.

Lakini mtu aliyepata kujaribu kazi hii ajua kwamba ina taabu yake. Kazi ya nusu saa yaweza kuwa ya siku mbili. Basi na tutazame sababu za taabu hiyo, kisha tujifunze namna ya kuishinda.

SABABU YA TAABU

Land Rover ilionyeshwa watu kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Siku zile, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba katika Uingereza, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilifanywa kwa alumini. Bawaba na skrubu, hata hivyo, ni za chuma. Metali mbili za namna mbalimbali zikigusana penye maji hufanya kazi kama betri ndogo: alumini huliwa ikawa unga mweupe, nacho chuma hushika kutu. Mvua za miaka mingi zikipita, skrubu hung'ang'ania mahali pake kana kwamba imechomelewa.

Sababu ya pili ni vipimo. Magari ya kwanza yalitumia skrubu za kipimo cha inchi. Yale ya baadaye yakaingizwa za milimita. Gari lililopita katika mikono ya mafundi wengi laweza kuwa na za namna zote mbili katika mlango mmoja. Skrubu ya milimita ikilazimishwa katika tundu la inchi huharibu hesi, yaani ile mizunguko inayoishika.

Sababu ya tatu ni vipuri. Mengi ya magari haya yaliunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa mwaka 1974. Huko Solihull, Uingereza, gari la mwisho la umbo hilo la kale lilitoka kiwandani Januari 2016. Vioo vingi vinavyouzwa sasa ni vya kuigiza au vimetolewa katika magari mabovu, na si vyote vinavyolingana na bawaba.

KWANZA: KUNUNUA

Usiende dukani mikono mitupu. Chukua kioo cha zamani pamoja na mkono wake na skrubu zake, hata kama kimevunjika. Ukifika katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, iliyoitwa zamani Grogan Road, linganisha matundu na matundu, unene na unene. Hakikisha kwamba umepewa mkono wa upande unaoutaka, maana wa kulia na wa kushoto hufanana machoni lakini haubadilishani.

Angalia pia kioo chenyewe. Kioo mbinuko huonyesha eneo kubwa zaidi, lakini hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Kioo bapa huonyesha umbali ulivyo kweli, ila eneo lake ni dogo. Usikubali kukatiwa kipande cha kioo cha nyumbani na kugundishwa mahali pa kile kilichopotea, kwani kikivunjika, vipande vyake vyaweza kumkata mtu.

Na hapa kuna jambo la kukumbuka. Vioo vya magari huibwa sana katika Nairobi, hata gari likiwa katika foleni mchana kweupe. Anayenunua kioo cha njiani kwa bei ya kutupa, asiulize kilikotoka, anamlipa mwizi mshahara. Na huenda kesho akauziwa cha gari lake mwenyewe. Nunua kwa mtu mwenye duka akupe risiti, kisha chora namba ya gari lako juu ya kioo, pembeni pasipozuia kuona.

PILI: KUFUNGUA

Katika magari mengi ya aina hii mkono wa kioo hushikwa kwa skrubu katika bawaba ya juu ya mlango. Hapo ndipo watu wengi hushindwa, kwa ajili ya haraka.

"Fundi, tia nguvu, nimechelewa," husema mwenye gari.

"Mzee, nikitia nguvu kichwa kitakatika, na shina litabaki ndani. Tuipe mafuta, tuiache mpaka kesho."

Fundi wa namna hii, awe wa Olympic au wa Kawangware, msikilize. Kwanza asugue kutu kwa brashi ya waya na kusafisha mfuo wa kichwa cha skrubu mpaka bisibisi iingie barabara. Atie mafuta mepesi ya kulegeza kutu, aache usiku mmoja, kisha atie tena. Mafuta ya breki yasitumiwe, kwa kuwa hula rangi ya gari. Kabla ya kuzungusha, agonge bisibisi kwa nyundo mara chache ili kutu ipasuke. Skrubu ikianza kusogea, asiikimbize: aifungue kidogo, airudishe kidogo, aifungue tena.

Ikiwa imekatika, hapana budi kuitoboa katikati kwa keekee, kuanzia msumari mwembamba hadi mnene, na kukata hesi upya. Kazi hiyo si ya kujifunzia juu ya gari la mwenzako.

TATU: KUFUNGA

Safisha bawaba mpaka iwe kavu. Weka kipande cha mpira au plastiki mahali mkono wa chuma unapogusa alumini, ili metali hizo mbili zitengane. Paka skrubu mpya grisi kidogo. Ianze kwa vidole; ikikataa kuingia kwa vidole, si yake. Tia washa ya springi chini ya kichwa, kwa sababu Land Rover hutetemeka, na mtetemo hulegeza kila kitu. Kaza skrubu zote mbili kwa zamu. Kisha fungua mlango pole pole mpaka mwisho, uone kama mkono unagonga mahali popote.

NNE: KUELEKEZA

Zima injini, vuta breki ya mkono, ukae kama unavyokaa ukiendesha. Elekeza kioo mpaka uone ukingo mwembamba wa ubavu wa gari, na upeo wa barabara katikati. Sasa mwombe mtu atembee polepole toka nyuma hadi mlangoni. Atafika mahali atakapopotea: kiooni hayumo, na dirishani bado hajaonekana. Mwambie asimame hapo, ushuke, upatazame mahali hapo kwa macho yako. Mtoto aweza kusimama hapo, au pikipiki, wala kioo kisikuonyeshe. Kwa hiyo geuza kichwa kabla ya kugeuza usukani. Na ukirudi nyuma penye watu, weka mtu wa kukuongoza.

Baada ya safari ya kwanza katika barabara mbovu, kaza skrubu tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Skrubu iliyolegea leo ni kioo kilichoanguka kesho.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini alumini na chuma visiachwe vigusane penye maji?
2. Utajuaje kwamba skrubu uliyopewa si ya tundu lile?
3. Katika gari lako, mtu hupotea machoni mwako akiwa mahali gani?

Majibu ya mawili ya kwanza yamo katika somo hili. La tatu halina jibu katika gazeti. Kalitafute garini kabla ya safari yako ya kesho.