Kupanga Upauzana kwa Kazi ya Mwalimu

Katika mafunzo ya zana za kufundishia, mwalimu huagizwa kuandika kwanza madhumuni ya somo, ndipo achague zana. Kanuni hiyo yafaa pia anapoketi mbele ya kompyuta. Upauzana, yaani ule mstari wa vitufe ulio juu ya ukurasa katika programu ya kuandikia, nao ni zana ambayo twaweza kuipanga kufuatana na kazi.

Tutatumia LibreOffice Writer, ambayo hutolewa bila malipo. Programu hii ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ileile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitolea menyu za Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

1. Kuanza na kazi

Tuseme mwalimu wa darasa la tano huko Katindiuka, Ifakara, anaandaa jaribio la hisabati. Swali moja lataka eneo, kwa m², la jaruba la mpunga lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 25. Mwalimu asipokiona kitufe cha kupandisha tarakimu, ataandika "m2", na mtoto ambaye ndiyo kwanza anatofautisha urefu na eneo huenda akasoma "mita mbili". Hapo kosa la uchapaji limekuwa kosa la somo, na atakayepoteza alama ni mwanafunzi.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote, tuorodheshe vitendo vya kazi yenyewe: kuhifadhi, kutengua, kupandisha tarakimu, kuingiza jedwali, kuingiza fomyula kwa ajili ya sehemu, na kuutazama ukurasa kabla ya kuuchapa. Vitendo sita vyatosha.

2. Hatua za kufuata

(a) Hifadhi waraka kwa muundo wa Writer wenyewe, yaani ODT. Kisha bofya upauzana kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na katika orodha itakayojitokeza chagua amri ya kurekebisha upauzana.

(b) Katika dirisha litakalofunguka, unda upauzana mpya na uupe jina, kwa mfano "Jaribio". Unapoulizwa uhifadhiwe wapi, chagua jina la waraka wako badala ya jina la programu.

(c) Upande wa kushoto zimo amri zote. Upande wa kulia zitaonekana zile ulizozichagua. Teua amri kushoto, ubofye mshale unaoelekea kulia. Kwa mishale ya juu na chini, zipange kwa mfuatano wa kazi.

(d) Kubali mabadiliko, kisha hifadhi waraka tena.

3. Kompyuta ya wengi

Mahali pengi kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa akaunti moja. Anayebadili upauzana wa programu nzima huwa amewabadilishia wenziwe wote. Ajaye baada yake atatafuta kitufe alichokizoea asikione, na muda wa kipindi utapita bure. Ndiyo maana tumeshauri upauzana uhifadhiwe ndani ya waraka: husafiri pamoja na jaribio, nayo kompyuta hubaki kama tulivyoikuta.

Faida ya pili ni ya kufundishia. Mwalimu mwanafunzi anayejifunza kuchapa hababaishwi na vitufe vingi asivyovijua. Huanza na sita, akavizoea, kisha akaongezewa kimoja kimoja, kutoka rahisi kuelekea kigumu.

Zoezi

1. Orodhesha vitendo vinavyohitajika katika kuandika azimio la kazi la muhula, ukitaja sababu ya kila kimoja.
2. Linganisha orodha yako na ya mwenzako. Ni vitendo gani vingeweza kuachwa?
3. Undeni pamoja upauzana wa azimio hilo, kisha fungueni waraka mwingine mhakikishe kwamba humo haukubadilika mstari wowote.