Swichi ya Jenereta Ikijizima, Tafuta Chanzo

Wakazi wa Bura wanaotumia jenereta za kubebeka kwa pampu, friji au sherehe wanashauriwa wasiiondoe wala kuifunga kwa waya swichi ya usalama inayojizima mara kwa mara. Swichi hiyo, kwa kawaida ya miliampia 30, hukata stima inapovuja, kabla haijaua mtu.

Chomoa vifaa vyote, kisha uwashe swichi. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja, kila kimoja peke yake. Kinachoizima ndicho kibovu. Ikijizima vifaa vikiwa pamoja tu, huenda uvujaji mdogo mdogo umejumlika: punguza vifaa.

Ikijizima bila kifaa chochote, zima jenereta, kagua kebo kama imechubuka au imelowa. Tatizo likibaki, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA.