Unyayo wa Mtu katika Bonde la Kilombero

Mnyama apitaye katika matope ya bonde huacha unyayo. Mwindaji hodari, hata kama hakumwona mnyama mwenyewe, huitazama alama ile akajua ni mnyama gani, alielekea upande gani, na kama alipita leo au jana. Vivyo hivyo kila kazi ya mwanadamu huacha unyayo juu ya nchi. Shamba lina unyayo wake, jiko lina unyayo wake, na hata jalala nyuma ya nyumba lina wake. Katika somo hili twajifunza jinsi ya kuupima unyayo huo.

1. Kipimo na daftari

Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao. Nafaka waliipima kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Nguo waliipima kwa shibiri na mkono, na kina cha maji kwa pima. Walijua ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walakini ardhi, msitu na maji havikuwa na daftari, kwa maana vilionekana kuwa havina mwisho.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wawili wa chuo kikuu cha British Columbia huko Kanada, William Rees na Mathis Wackernagel, walitengeneza daftari la namna hii. Waliuliza hivi: Je, kumlisha mtu mmoja, kumpatia moto na nyumba, na kuzipokea taka zake, kwahitaji ardhi kiasi gani? Jibu waliliandika kwa hektari. Hektari moja ni mita 10,000 za mraba, yaani karibu ekari mbili na nusu. Hesabu za namna hiyo zilipofanywa kwa watu wote wa dunia, ilionekana kwamba twatumia kwa mwaka mmoja vitu ambavyo dunia yahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuvizalisha tena. Nyumba itumiayo hivyo ni kama nyumba ilayo mbegu: leo inashiba, bali msimu ujao haina cha kupanda.

2. Bonde letu

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mji wake mkubwa ni Ifakara. Wandamba, Wabena, Wambunga na Wapogoro wamekaa humo tangu zamani, wengine kwa uvuvi, wengine kwa mpunga, na baadaye wakaja watu wa makabila mengi. Mito ishukayo kutoka milimani huufurisha mto Kilombero wakati wa masika, na maji hutandaa juu ya bonde kama ziwa. Kisha Kilombero hukutana na mto Luwegu, na hiyo miwili huwa mto Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde letu. Basi afanyalo mkulima wa Ifakara hufika mpaka bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, na mpaka mikoko ya mwambao.

Mwaka 2002 hektari 796,735 za bonde hili ziliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, kwa mujibu wa mkataba wa Ramsar. Sababu moja ilikuwa sheshe, mnyama wa jamii ya paa apendaye majani ya kando ya maji. Wakati ule ilihesabiwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote wa dunia walikuwa hapa. Tangu hapo mashamba na mifugo vimesonga mbele, nao sheshe wamepungua mno. Hakuna mtu mmoja aliyewafukuza. Kila mtu aliongeza ekari moja au mbili, akaona ni haba. Na haba na haba hujaza kibaba.

3. Unyayo wa shamba

Tuseme wakulima wawili wataka magunia 40 ya mpunga kila mmoja. Wa kwanza hurusha mbegu ovyo, hapalilii kwa wakati, naye huvuna magunia 8 kwa ekari; basi lazima alime ekari 5. Wa pili huchagua mbegu njema, kama zile zilizozalishwa katika kituo cha utafiti cha Ifakara, hupanda kwa mistari na kupalilia, naye huvuna magunia 20 kwa ekari. Basi ekari 2 zamtosha. Ekari 3 zilizobaki zaweza kuachiwa majani na sheshe. Huo ndio unyayo wa ardhi.

Lakini shamba lina unyayo wa maji pia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukiifunika kwa maji ya kina cha sentimita 10, umetumia lita 404,700, yaani ndoo 20,235 za lita 20.

Tena kuna unyayo wa hewa, usioonekana kwa macho. Maji yakisimama shambani siku nyingi, udongo ulio chini hukosa hewa. Vijidudu viishivyo pasipo hewa huozesha majani na mizizi, na kutoa gesi iitwayo methani. Kilo moja ya methani huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, ikihesabiwa kwa miaka 100.

Dawa yake moja yajulikana. Katika kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wetu walikiita Bukini, Padre Henri de Laulanié, Mfaransa, alikaa na wakulima miaka mingi akichungua mpunga wao. Katika miaka ya 1980 alikusanya maarifa yake kuwa njia moja, ambayo sisi twaiita kilimo shadidi. Miche hupandwa ingali michanga, mche mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande. Na shamba halizamishwi daima, bali huloweshwa, kisha huachwa likauke kidogo, kisha huloweshwa tena. Maji hupungua, na methani huweza kupungua karibu nusu. Walakini njia hii yataka mfereji na matuta, kama ilivyo katika skimu za Mkula na Msolwa Ujamaa chini ya Udzungwa. Mkulima ategemeaye mafuriko tu hawezi kuyaamuru maji yaondoke.

Wala tusimsifu yule mkulima wa pili kabla ya kumaliza hesabu. Ikiwa ametia mbolea ya chumvichumvi kupita kiasi, mvua huichukua mpaka mtoni. Na mbolea hiyo yenyewe ilitengenezwa kiwandani kwa moto mwingi. Hayo nayo yaandikwe katika daftari lake.

4. Unyayo wa moto

Nyumba nyingi za Ifakara hupika kwa mkaa. Mkaa hutoka katika miti, na mingi ni miyombo, ambayo hukua polepole. Katika tanuru la udongo la kawaida, sehemu kubwa ya kuni hupotea kwa moshi na majivu.

Tuseme jamaa moja hutumia gunia moja la kilo 50 kila mwezi. Kwa mwaka ni kilo 600. Tuseme tena kwamba tanuru lataka kilo 7 za kuni kwa kilo 1 ya mkaa. Basi jamaa hiyo imekata kilo 4,200 za miti. Ikiwa hektari moja ya msitu huongeza kilo 2,000 za miti kwa mwaka, jamaa hiyo yahitaji hektari 2 na sehemu ya kumi, yaani zaidi ya ekari 5 za msitu, ili miti isipungue. Mama wa nyumba hakuona msitu huo kamwe. Aliona gunia tu mlangoni. Lakini unyayo ni wake.

Sasa tuseme jamaa hiyo inanunua jiko bora, lipunguzalo mkaa kwa theluthi moja. Mkaa wa mwaka huwa kilo 400. Na mchomaji akijenga tanuru jema litakalo kilo 4 tu za kuni kwa kilo 1 ya mkaa, miti itakayokatwa ni kilo 1,600. Unyayo umepungua kutoka hektari 2.1 hata hektari 0.8, wala hakuna aliyelala njaa.

5. Kisa cha chura wa Kihansi

Wengine husema, Tuache mkaa, tutumie umeme wa maji, kwa kuwa hautoi moshi. Neno hilo ni jema, lakini sikilizeni kisa hiki.

Mto Kihansi hushuka kutoka Udzungwa, kusini-magharibi ya Ifakara, na kuyatia maji yake katika bonde letu. Palijengwa hapo bwawa na mitambo ya megawati 180, iliyoanza kazi mwishoni mwa mwaka 1999 na mwaka 2000. Nchi ilihitaji nguvu hizo sana. Lakini mwaka 1996, kazi ya ujenzi ikiwa imekwisha kuanza, wataalamu waliona chini ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa sentimita 3. Chura huyu hatagi mayai majini, bali huzaa watoto walio hai. Aliishi mahali pale tu, katika eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, wala haonekani penginepo duniani.

Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, karibu sehemu tisa katika kumi zilitoweka katika maporomoko. Manyunyu yakakoma, majani yakakauka. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa mpaka Marekani wakafugwa, na bondeni yakatiwa mabomba ya kunyunyiza maji. Vyura waliobaki wakaongezeka kwa muda. Kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu ulionekana kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Watoto wa wale waliofugwa walirudishwa, na mwaka 2012 waliachiwa tena kwao.

Je, kosa lilikuwa kujenga mitambo? Hatuwezi kusema hivyo. Hospitali na shule huwaka taa kwa umeme huo. Lakini aliyepima moshi peke yake alisema unyayo si kitu, na aliyepima manyunyu aliona unyayo mkubwa. Kipimo kimoja hakitoshi. Yampasa mtu apime ardhi, na maji, na hewa, na viumbe, tena apime kabla ya kujenga. Kwa kuwa kumrudisha chura kuligharimu kazi ya miaka mingi na safari ya kuvuka bahari.

6. Unyayo wa taka

Taka ni mali iliyo mahali pasipo pake. Mpunga ukikobolewa, karibu sehemu moja katika tano ya uzito wake ni kumvi, ambazo wengi huziita pumba. Tani 1 ya mpunga hutoa kilo 200 za kumvi. Zikitupwa kando ya mashine na kuchomwa ovyo, ni moshi mtupu; zikitumiwa kuchomea matofali, zaokoa kuni. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, karibu na Kidatu, huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke na umeme wa kuendeshea mashine zake. Maganda ya ndizi na mabaki ya chakula yakizikwa katika lundo linene yakakosa hewa, hutoa methani kama shamba lililozama; yakigeuzwageuzwa yapate hewa, huwa mboji ya bustani. Plastiki haiozi, kwa hiyo mifuko ya plastiki ilikatazwa Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019.

7. Namna ya kuanza

Mtu asiyeweza kuipima nchi nzima aweza kuipima nyumba yake. Chukua daftari, uligawe kurasa nne: Shamba, Maji, Moto, Taka. Kila jioni andika kilichotumika, kwa kilo au kwa ndoo. Usiandike kwa kukisia ikiwa mizani ipo. Mwisho wa mwezi jumlisha, kisha uwaulize wazazi wako kwa adabu ni kitu gani kiwezacho kupunguzwa pasipo mtu kupungukiwa. Mwezi wa pili pima tena. Kwa maana kipimo cha mara moja hueleza hali tu, bali kipimo cha mara mbili hueleza kama twaenda mbele au twarudi nyuma.

Maswali

1. Ekari moja ikifunikwa kwa maji ya kina cha sentimita 5, ni lita ngapi?
2. Katika kilimo shadidi, miche mingapi huingia katika mita 1 ya mraba? Na katika ekari moja?
3. Jamaa moja hutumia kilo 40 za mkaa kwa mwezi. Ikiwa tanuru lataka kilo 7 za kuni kwa kilo 1 ya mkaa, ni kilo ngapi za miti zimekatwa kwa mwaka?
4. Kwa nini umeme wa Kihansi ulikuwa na unyayo ingawa haukutoa moshi?
5. Pimeni taka za shule kwa siku saba, mkitenga zinazooza, plastiki na majivu. Ni fungu lipi lililo zito kuliko yote, nalo laweza kutumiwa kwa kazi gani?