Kazi za Nyumbani Zisizolipwa: Mwajiri Anaweza Kufanya Nini?

Kuteka maji, kupika, kufua, kuogesha watoto, kumpeleka mgonjwa zahanati na kumtunza mzee ni kazi. Hazina mshahara, lakini ndizo zinazoamua mfanyakazi atafika kazini saa ngapi, akiwa na nguvu kiasi gani. Somo la toleo hili linaeleza haki ambazo sheria imempa mfanyakazi mwenye mzigo huo, na hatua ambazo mwajiri, awe mkubwa au mdogo, anaweza kuchukua.

Mzigo una uzito gani?

Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ulionyesha kuwa wanawake nchini Kenya hutumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wanaume hutumia asilimia 3.6. Kwa siku, hizo ni kama saa 4 na nusu kwa mwanamke na dakika 52 kwa mwanamume. Kwa wiki, saa za mwanamke zinafika 31 na nusu, karibu sawa na siku nne za kazi ya saa nane.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mama anaishi Mwakirunge na anafanya usafi katika hoteli ya Shanzu, zamu ya saa moja asubuhi. Anaamka saa kumi alfajiri. Saa mbili za kwanza zinaishia kwenye mitungi ya maji, chai na kuwatayarisha watoto wa shule. Akirudi jioni, kupika, kufua na kuogesha watoto kunachukua saa mbili na nusu. Jumla ni saa 4 na nusu, nje ya kazi ya mshahara na safari ya matatu.

Siku mtoto akiamka na homa, ana njia tatu: akose kazi, amwache mtoto kwa jirani, au amzuie binti mkubwa kwenda shule ili abaki na mdogo wake. Kila njia ina gharama. Mwajiri naye hulipa sehemu yake kwa kuchelewa, kukosekana na kufundisha mtu mpya kila aliyezoea kazi anapoondoka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuupima.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Likizo ya uzazi haiondoi likizo ya mwaka, ambayo ni siku za kazi zisizopungua 21. Ujauzito si sababu halali ya kumfuta mtu kazi.

Kibarua naye asijidharau. Akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, sheria hiyo, kifungu cha 37, inamhesabu kuwa mwajiriwa wa mkataba wa mwezi.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea penye sehemu ya kunawia mikono, jokofu au kifaa cha kupoza maziwa, soketi ya umeme, meza ndogo na viti vizuri. Mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na muda wa chakula, yasiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Muda huo unalipwa.

Hatua tano kwa mwajiri

1. *Uliza.* Waulize wafanyakazi, bila kuandika majina: unaamka saa ngapi, nani anabaki na watoto au mgonjwa wako, na mwezi uliopita ulikosa siku ngapi kwa sababu ya nyumbani? Majibu yasitumiwe kumwadhibu mtu.

2. *Tangaza zamu mapema.* Ratiba ikibandikwa wiki mbili kabla, mfanyakazi anaweza kupanga na jirani au ndugu. Ratiba inayotumwa saa tatu usiku kwa kazi ya kesho humlazimisha kubahatisha. Kubadilishana zamu kuruhusiwe.

3. *Punguza kazi yenyewe.* Mwajiri mwenye kisima anaweza kuwaruhusu wafanyakazi kujaza mtungi kabla ya kwenda nyumbani. Anaweza pia kusaidia chama chao kununua majiko ya gesi kwa malipo ya kidogo kidogo.

4. *Wahusishe wanaume.* Baba apewe wiki zake mbili bila kuchekwa, na ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki itolewe kwa baba kama kwa mama. Nafuu ikitolewa kwa wanawake peke yao, baadhi ya waajiri wataanza kukwepa kuajiri wanawake.

5. *Changieni malezi.* Safaricom ina mahali pa kulelea watoto wa wafanyakazi wake jijini Nairobi. Fundi wa kuchomelea vyuma au mwenye duka la vifaa vya ujenzi hawezi kujenga chake peke yake, lakini biashara tano za mtaa mmoja zinaweza kuchangia mlezi mmoja anayeaminika na chumba salama.

Hatua hii ya tano ina ushahidi wa hapa nchini. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya kina mama, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, vocha za kupunguza ada ya kituo cha kulelea watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa kiwang̓o cha waliokuwa na kazi miongoni mwao kilizidi cha wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Kina mama wanaolea peke yao walipunguza saa za kazi bila kupoteza mapato, kwa kuwa waliweza kuhamia kazi zenye saa za kawaida.

Wanaochambua taka je?

Mwakirunge ndipo lilipo jaa la taka la Kaunti. Wanaochambua plastiki na vyuma pale na kuuza kwa kilo hawana mwajiri, kwa hiyo likizo na mapumziko yaliyotajwa hapo juu hayawafikii. Mama asiye na pa kumwacha mtoto huja naye kwenye moshi na vioo vilivyovunjika.

Hapa anayeweza kubadilisha jambo ni mnunuzi. Apange saa maalumu ya kupima mizigo, ili mama asingoje mchana kutwa. Alipe papo hapo. Wanunuzi wakiungana, wanaweza pia kuchangia mahali pa watoto palipo mbali na jaa. Faida yao ni kupata mzigo wa uhakika kutoka kwa watu wale wale.

Kaunti nayo ina sehemu yake. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, inaziachia serikali za kaunti elimu ya chekechea, vituo vya kulelea watoto, huduma za maji na uzoaji taka. Mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ndiyo nafasi ya wakazi na wafanyabiashara kudai vituo na maji karibu na makao yao.

Maswali ya kujadili kazini na barazani

- Kwako nyumbani, nani anaamka wa kwanza na nani analala wa mwisho?
- Ni jambo gani kazini kwenu linaweza kubadilishwa wiki hii bila gharama?
- Mtoto akiugua kesho, nani atakosa kazi au shule?

Mfanyakazi aliyenyimwa haki yake afike katika ofisi ya kazi mjini Mombasa. Aende na barua ya ajira, au kumbukumbu yoyote ya siku alizofanya kazi na malipo aliyopokea.