Namna Bakteria wa Kuhara Wanavyoshambulia Seli za Utumbo

Huko Hanga, mkoani Ruvuma, ambako watawa wa Mtakatifu Benedikto walianzisha makao yao mwaka 1957, masika huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za nyanda za kusini, maji ya mvua huiosha ardhi na kuyabeba yaliyo juu yake hadi vijitoni na katika visima visivyofunikwa. Mwanafunzi ajuaye kwamba kinyesi kikiingia majini huleta maradhi ya kuhara amekwisha kuijua nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni swali hili: kiumbe ambaye elfu moja wa jamaa zake wakipangwa mstari mmoja hufikia milimita moja au mbili tu, humfanyaje mtu mzima apoteze lita nyingi za maji kwa siku moja?

Kwanza yafaa kuelewa kazi ya utumbo wenyewe. Kila siku lita zipatazo 9 za majimaji huingia katika utumbo mwembamba. Mtu hunywa kama lita 2. Zilizosalia ni mate na majimaji ya tumbo, nyongo, kongosho na utumbo. Karibu yote hufyonzwa na kurudishwa mwilini, hata kinyesi cha mtu mwenye afya hutoka na chini ya robo lita ya maji. Kazi hiyo hufanywa na seli zilizopangwa safu moja, na uso wa kila seli umefunikwa na vinyuzi vingi mfano wa nyuzi za brashi. Basi kuhara si lazima kuwe kutoboka kwa utumbo. Yatosha hesabu hii ya kuingiza na kutoa ivurugwe kidogo.

Bakteria wa kipindupindu huivuruga bila hata kuingia ndani ya seli. Hujishikiza juu yake na kutoa sumu, ambayo mwaka 1959 S. N. De wa Calcutta alionyesha kwamba ndiyo iletayo madhara. Sumu hiyo ina sehemu tano za kushikia na moja ya kutendea. Sehemu ya kutendea hupenya na kuiwasha swichi fulani ya seli isiweze kuzimika tena. Seli humwaga kloridi, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza lita moja kwa saa. Tanzania iliupata ugonjwa huu mwaka 1974, na mlipuko mkubwa ukafuata mwaka 1977.

Hila ya ajabu zaidi ni ya aina mojawapo ya Eskerikia koli. Koli wengi hukaa matumboni mwetu kwa amani, lakini aina hii, ambayo John Bray aliihusisha na kuhara kwa watoto wachanga mjini London mwaka 1945, ina kifaa mfano wa sindano. Kwa kifaa hicho bakteria huchoma seli na kuingiza protini zake. Mojawapo, iliyotambuliwa mwaka 1997, hujipachika katika ngozi ya seli na kutokeza nje. Kisha bakteria huishika. Ni kama mgeni ambaye, asipokaribishwa, hupitisha kigoda chake dirishani, kisha akaingia na kukikalia! Hapo aktini, yaani nyuzi zinazoipa seli umbo lake, hupangwa upya. Vinyuzi vya brashi hutoweka, na chini ya bakteria seli huinuka kama jukwaa. Uso wa kufyonzea ukiharibika hivyo, maji na chakula hupita bila kuchukuliwa.

Shigela yeye huingia ndani kabisa, akaisukuma aktini nyuma yake kama mkia na kupenya hadi seli ya jirani. Ndiyo sababu kinyesi huwa na damu. Bakteria 10 hadi 100 tu waweza kuleta ugonjwa.

Tofauti hizi si za mtihani tu. Wako wazazi wamnyimao maji mtoto anayehara, wakidhani kwamba wanakausha tumbo, kumbe mtoto hufa kwa kukaukiwa. Sumu ya kipindupindu haikifungi kile kipito kinachochukua sodiamu na glukosi kwa pamoja. Kwa hiyo sukari huivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji. Pakiti za dawa ya maji zisipopatikana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyopimwa sawasawa katika lita moja ya maji safi, hutumia mlango huo huo.

Vidonge vya kuua bakteria ni habari nyingine. Uchunguzi wa koli wa kuhara kutoka kwa watoto wa Ifakara, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha usugu mkubwa dhidi ya ampisilini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Shigela na kipindupindu kikali huhitaji dawa za namna hiyo kwa agizo la mganga, lakini kuhara kwingi kwa majimaji hakuzihitaji. Mtoto hupewa maji ya chumvi na sukari, zinki kwa siku 10 hadi 14, na chakula chake cha kawaida. Na seli zilizoharibiwa hubanduka zenyewe, mpya zikashika nafasi zao kwa muda wa siku 3 hadi 5.