Mashine za kupima afya: Tujihadhari na mizani ya uongo

 

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie vifaa vya kisasa vya kupimia afya. Zamani vilikaa hospitali tu, leo vinauzwa madukani na kutembezwa mpaka milangoni mwetu. Ndani yake mna neema, na mna udanganyifu pia.

Mama mmoja mtu mzima alinijia zahanati na karatasi nyingi mkononi. Alikuwa amepimwa "mwili mzima": ameshika kifimbo cha chuma kwa dakika moja hivi, kompyuta ikatoa majibu ya moyo, ini, figo na mifupa. Karatasi zikasema moyo wake hauna tatizo, akauziwa vidonge vya kusafisha ini, naye akaacha dawa zake za presha. Nilipompima, presha ilikuwa 210 kwa 120. Alhamdulillah, aliwahi kabla ya kiharusi. Wapo wasiowahi.

Kifaa cha kweli hupimaje?

Kifaa cha kweli kina kitu maalumu kinachokipima, na namna yake inaelezeka. Mkanda wa mashine ya presha hujaa upepo ukabana mshipa wa mkono; upepo ukipungua, mashine huhisi mapigo ya damu inayorudi kupita. Mashine ya sukari husoma tone la damu: kipande cha kupimia kina kimeng'enya kinachokutana na sukari na kuzalisha umeme kidogo. Sukari ikizidi, umeme nao huzidi.

Kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho wengi tulikifahamu wakati wa Korona, msingi wake ulielezwa na Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974. Hupitisha mwanga wa aina mbili kidoleni, kwa sababu damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazinyonyi mwanga kwa namna moja. Basi akina mama, mwenye piko nyeusi apimwe kwenye kidole kisicho na piko.

Sasa ile mashine ya kifimbo inapima nini? Kiganja hakibebi habari za ini wala mifupa. Kabla ya kupima, mwenye mashine huandika umri wako, jinsia, urefu na uzito. Mwombe arudie kukupima huku ameandika umri wa mtu mwingine, kisha linganisha majibu.

Vilevile kuna saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasizitumie, ikaeleza kuwa haijaidhinisha hata moja kwa kazi hiyo. Hizi ni tofauti na vile vifaa vipya vinavyobandikwa mkononi. Hivyo vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na vimewasaidia wagonjwa wengi wa kisukari.

Ukitaka kununua

Kwanza, chagua mashine ya presha inayofungwa juu ya kiwiko, yenye mkanda unaolingana na mkono wako. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Kaa kimya dakika tano, egemeza mgongo, mkono uwe usawa wa moyo, kisha pima mara mbili.

Pili, kwa mashine ya sukari, uliza bei ya vipande vya kupimia kabla ya bei ya mashine. Mashine utainunua mara moja, vipande utavinunua daima. Angalia na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Tatu, sindano ya kutobolea kidole isitumiwe na watu wawili, hata mume na mke. Homa ya ini ya aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita katika damu.

Nne, mashine haina ruhusa ya kukuachisha dawa. Majibu yakiwa mazuri, huenda ni kwa sababu ya dawa hizo. Peleka mashine yako zahanati uilinganishe na ya pale.

Na kwa wanaofunga wakiwa na kisukari: wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kupimia halibatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6, fungua na umuone mtaalamu.

Kwa ndugu zetu wafanyabiashara

Wewe unayeleta bidhaa kutoka Guangzhou au Dubai, biashara hii ina nafasi kubwa na ya halali. Watu wanahitaji mikanda ya ukubwa mbalimbali, vipande vya sukari visivyokatika, na fundi wa kuwaonyesha matumizi. Hapa Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, ndiyo inayosajili vifaa hivi. Anzia hapo kabla ya kulipia mzigo.

Mtume (S.A.W) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji ndani. Mwenye mali alisingizia mvua, lakini Mtume alimhoji kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na akajitenga na wanaoghushi. Sura ya 83 nayo inaanza kwa onyo kali kwa wenye kupunja vipimo. Ikiwa kupunja pishi ya nafaka ni dhambi hiyo, je, kumpunja mgonjwa kipimo cha uhai wake?

Basi, mwenye mzee nyumbani, leo muulize: dawa zako za presha bado unameza?

Wabillahi Tawfiq.